Gitaa la Mama, Jenereta Ikizimika

Kila jenereta ikizimika hapa mtaani Buluk na harufu ya dizeli ikabaki hewani, mimi hujikuta nimelaza sikio juu ya meza.

Mama alikuwa akipiga gitaa la stili la umeme katika bendi ya muziki wa kantri ya Wakenya, Jumapili mchana, kwenye ua wa hoteli moja ya mtaa wa Atlabara. Wanaume wa bendi walisimama na kofia zao pana. Yeye aliketi, gitaa limelala juu ya meza ndogo ya mbao, akitelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi mpaka zilie kama mtu aliyekumbuka kwao. Nilizunguka meza zote nikiwaambia watoto wengine kwamba yule ni mama yangu.

Siku moja jenereta ilizimika katikati ya wimbo. Bendi ikanyamaza. Mama akaendelea, macho ameyafumba.

"Kalas, basi, mama, stima imeenda," mteja mmoja akamwambia. "Pumzika."

"Wimbo haujaisha," akajibu, kisha akanionyesha meza kwa kidevu. "Weka sikio hapo."

Mbao ilikuwa na joto la jua na harufu ya soda iliyomwagika. Ndani yake gitaa lilikuwa bado linalia, kwa sauti nyembamba na safi. Nilisikia ubeti mzima ambao hakuna mwingine aliyeusikia.

Jenereta iliporudi, gitaa lake lilisikika ghafla likiwa katikati ya kiitikio, na wale wanaume wa bendi wakahangaika kumfikia kwenye wimbo.

Ua mzima ukaipigia jenereta makofi. Mimi nilimpigia mama.