Namba Tisa Chini ya Godoro

Mtu mzima kuogopa kitabu cha watoto ni kichekesho, na Mildred angecheka mpaka machozi kama jambo hilo lingempata mwingine. Lakini ni yeye aliyekificha chini ya godoro huko Darsait, Maskati, na kila asubuhi alipotandika kitanda hakuthubutu kuinua upande ule.

Alikuwa msusi katika saluni ya wanawake Khuwair ya Kusini tangu mwaka 2000, miaka minne sasa bila kutia mguu Kakamega. Binti yake, Abigail, alimwacha akiwa na umri wa miaka minane. Nyanya ndiye aliyeitwa mama; Mildred akawa "Mama Maskati". Kila Ijumaa alipiga simu, na kila Ijumaa maneno yaliisha kabla ya kadi ya simu: shuleni ni sawa, mvua imenyesha, nyanya anakusalimia.

Kilichowaokoa ni vitabu. Mteja mmoja, Bi Hamdiya, Mwomani aliyezaliwa Unguja, alimletea mfuko mzima. "Chukua, mwanangu. Ghadeer wangu keshavisoma vyote, sasa vinanijazia kabati tu." Vilikuwa vitabu vya vijana vilivyotungwa kufuata tamthilia ya televisheni ya safari za anga, vina namba, na nyuso za waigizaji kwenye jalada. Vilimhusu Neria, msichana anayesomea urubani katika chombo kiitwacho Alfajiri. Mildred alisoma huku mteja amekaa chini ya mashine ya kukaushia nywele, kisha akavituma kimoja kimoja kwa Wakenya waliokwenda likizo. Basi Ijumaa zikawa fupi, kadi ikaisha kabla ya maneno! Abigail alibisha kwamba nahodha ni mwoga, Mildred akamtetea, na mtoto akaangua kicheko chenye mkoromo kama cha mama yake. Mildred hakuwa anajua kwamba mwanawe hucheka hivyo.

Ndipo ikaja namba tisa, mwezi wa Septemba. Mama yake Neria anarudi kutoka machimbo ya sayari ya mbali baada ya miaka mingi. Mlango wa chombo unafunguka, mama anakunjua mikono, na Neria anamtazama kwa adabu na kumuuliza, "Unamtafuta nani?"

Mildred alikifunga kitabu hapo hapo. Tiketi yake ilikuwa tayari, tarehe kumi Desemba. Aliogopa uwanja wa ndege, aliogopa ile dakika ya kwanza, na zaidi ya yote aliogopa Abigail asije akajifunza swali hilo kitabuni. Akakificha, akatuma namba kumi.

"Namba tisa haikufika huku," alidanganya kwenye simu.

"Haina shida," Abigail alijibu, upesi mno.

Tangu siku hiyo mtoto akapoa. Vitabu havikutajwa tena. Yakarudi yale yale ya shule na mvua. Mildred alipoteza usingizi na hamu ya kula, na siku moja akamuunguza Bi Hamdiya sikio kwa chuma cha kunyooshea nywele. Alipomwomba radhi, akaropoka kwamba anafikiria kuahirisha safari.

"Una wazimu weye?" Bi Hamdiya alimaka, ameshika sikio. "Mtoto anakungoja!"

"Sijui kama ananingoja," Mildred alisema.

Ijumaa ya mwisho kabla ya kusafiri alipiga simu.

"Mama Maskati," Abigail alisema hata kabla ya salamu, "ukiipata ile namba tisa, usiisome."

Mildred alishika ukuta wa kibanda cha simu. "Kwa nini?"

"Ni mbaya tu. Msichana wa darasa letu alikuwa nayo. Niliisoma mwezi wa nane."

"Nimeshaisoma," Mildred alikiri. "Ninayo hapa. Nilikuwa nakuficha."

Simu ikaanza kulia kwamba kadi inaisha, na Mildred akafumba macho, akisubiri kuambiwa lile alilolikimbia miezi mitatu.

"Basi sikiza haraka," Abigail alisema. "Ile picha yangu uliyo nayo ni ya zamani. Nimekuwa mrefu sana, na nywele zimenyolewa zote, ni sheria ya shule. Nitavaa sweta ya kijani. Nitasimama mbele kabisa, karibu na mlango wa kutokea. Tafadhali, usinipite."