Rivolva ya Shangazi na Bastola Inayonuka Sangara

Shangazi yangu aliitunza rivolva yake kwenye droo moja na rozari, kitambaa cha kwaya na miwani iliyokatika mkono. Akiitafuta rozari alikutana kwanza na bastola, na akiitafuta bastola ilibidi kwanza aitengue rozari.

"Zote ni za kujikinga," aliniambia. "Ila hii ya Bikira Maria haihitaji leseni."

Shangazi anafanya biashara ya mabondo, pale Kirumba, Mwanza. Kama hujakaa karibu na ziwa, usione haya kuuliza: bondo ni kile kifuko cha hewa kilichomo tumboni mwa sangara. Kikikauka kinafanana na soli ya kiatu iliyosahaulika juani, lakini wanunuzi wa mbali wanakigombania, na wezi wa karibu wanakigombania zaidi. Yeye huyakausha kwenye chumba cha uani, naye analala chumba kinachofuata. Wezi walipomsafishia stoo hiyo mara ya kwanza, alifuata taratibu zote, akapewa kibali, akanunua rivolva kuukuu kuliko mimi. Tangu hapo hakuna aliyemgusa. Sijui kama wezi waliogopa bastola au ulimi wake.

Halafu vidole vyake vikaanza kuvimba kwenye maungio. Soda akawa anafunguliwa na jirani. Mdogo wake, yaani baba yangu mdogo, ndiye aliyelileta jambo hili kwenye kikao cha familia, kwa sababu sisi watu wa Kagera tuliohamia Mwanza hatuwezi kuamua hata rangi ya geti bila kikao, na bakuli la buni za kutafuna lizunguke kwanza.

Baba mdogo alikuwa na bastola mpya, nyeusi, ya magazini. Aliivaa kiunoni na shati akalichomekea nyuma yake, ili siri hiyo ionekane vizuri.

"Dada, hilo lako ni la makumbusho," alisema. "Lipeleke Bujora wakaliweke karibu na ngoma za machifu."

"Nawe peleka lako sinema," shangazi akamjibu. "Risasi zote hizo za nini? Unategemea kukosa?"

Wakageuka wote kunitazama. Mimi nafundisha walinzi kutumia silaha, kwa hiyo katika familia yetu naitwa mwalimu wa kuua, ingawa kazi yangu kubwa ni kuwafundisha watu wazima kutojipiga miguu. Kikao kikaamua niwapeleke wote wawili uwanjani. Kama shangazi anaimudu silaha kwa usalama, yake au mpya, abaki nayo. Kama haimudu, airudishe polisi.

"Na bila chuma, mimi silali na mabondo," alisema shangazi. "Mkininyang'anya hicho mmeninyang'anya na biashara. Mjue hivyo mnapotafuna buni zangu."

Hapo nikae kidogo nieleze, maana watu wengi wanaogopa kuuliza. Rivolva ina ngoma ya chuma yenye matundu, kwa kawaida sita, na kila tundu linakaa risasi moja. Ukivuta kifyatulio, ngoma inazunguka, nyundo inarudi nyuma, kisha inapiga. Kazi yote hiyo inafanywa na kidole chako kimoja, ndiyo maana kifyatulio chake ni kizito. Bastola ya magazini inatumia nguvu ya mlipuko wenyewe kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine. Kidole kinafanya kazi ndogo, risasi ni nyingi, na kujaza upya ni kuchomoa na kuchomeka. Ndiyo maana majeshi na polisi wengi wamehamia huko, na hawakukosea.

Basi rivolva imebaki na nini? Imebaki na urahisi. Risasi ikigoma, unavuta tena na ngoma inaleta nyingine. Inaweza kukaa drooni muda mrefu na rozari bila kununa. Ila anayekuambia haigomi kabisa anakuuzia.

Uwanja tunaoutumia uko mbele ya Kisesa, nyuma ya kilima kimoja. Kupata uwanja Mwanza si kazi ndogo, kwa sababu mji wetu ni mawe, na risasi ikigonga jiwe inaweza kurudi kukusalimia. Pale kuna tuta refu la udongo, na mbele yake tukaweka madumu matupu ya mafuta ya kupikia.

Baba mdogo akaomba kuanza. Akasimama kama anapigwa picha, akafyatua. Dumu likaruka. Akatugeukia na tabasamu. Nikamshika bega nikamgeuza tena kwa tuta. Akafyatua mara ya pili, na chuma cha juu kikarudi nyuma kikabaki njiani, kama mtu aliyesahau alichokuwa anaenda kuchukua.

Nikaichukua, nikatoa magazini, nikahakikisha hakuna risasi ndani. Ilikuwa inanata. Nikainusa.

"Baba mdogo, umeipaka nini?"

"Mafuta."

"Mafuta gani?"

"Mafuta si mafuta!" Akatazama pembeni. "Ya sangara. Cherehani napaka hayo, kufuli napaka hayo, baiskeli napaka hayo. Kila mtu hapa anapaka hayo."

Shangazi alicheka mpaka akakalia jiwe. "Ndiyo maana paka wa Kirumba nzima wanakusindikiza! Nilidhani ni heshima!"

Mafuta ya samaki yakikaa kwenye chuma hugeuka gundi, na bastola ya aina hiyo inataka kila kipande kiteleze. Nilipoifuta na kuipaka mafuta yake, ilimaliza magazini nzima bila kukohoa. Kwa hiyo kosa halikuwa la bastola. Nikamkabidhi shangazi aijaribu. Lakini ili kuikoki, lazima ukamate kile chuma cha juu na kukivuta nyuma kwa nguvu. Akavuta. Akaibana kwenye mapaja, akavuta tena. Haikusogea hata kidogo.

"Basi, lete yangu," alisema, na sasa hakuna aliyecheka.

Akaielekeza kwenye tuta, akavuta kifyatulio. Nyundo ikainuka nusu, kidole kikaishiwa nguvu, ikarudi. Akajaribu kwa vidole viwili. Ikarudi tena. Nilimwona anavyoimeza hasira.

"Usikate tamaa, shangazi," nikamwambia. "Ipo njia nyingine. Vuta nyundo nyuma kwanza kwa dole gumba, ikae. Hapo kifyatulio kitakuwa chepesi."

Akatumia madole gumba yote mawili. Nyundo ikakaa. Akagusa kidogo tu, na dumu likatoboka katikati.

"Makumbusho hayo!" alimpigia kelele mdogo wake. "Njoo ulipe kiingilio!"

Baba mdogo akapiga makofi kwa dhati. Wote wawili wakanitazama wakisubiri niseme tumefaulu, nami nilitamani sana kusema hivyo.

"Bado kitu kimoja," nikasema. "Tuseme umesikia kishindo usiku, umevuta nyundo, ukaona ni jirani anatafuta kuku wake. Hupigi. Irudishe nyundo taratibu."

Hilo ndilo somo gumu kwenye rivolva. Unaishikilia nyundo kwa dole gumba, unagusa kifyatulio, unaishusha polepole. Nikamsogezea mdomo wa bastola uelekee chini ya tuta, nikasimama nyuma ya bega lake. Akaanza kuishusha. Dole likateleza.

Risasi ilichimba udongo pale pale tulipoielekeza. Hakuna aliyeumia. Vumbi likashuka juu ya viatu vyetu.

"Yule wa kuku angekufa," alisema shangazi.

"Ndiyo, shangazi."

Hakungoja hukumu yangu. Alifungua ngoma, akazitoa risasi moja moja, ilimchukua muda na hatukumsaidia, kisha akanipa.

"Sasa mabondo utayalinda na nini?" baba mdogo akauliza, kwa sauti ya chini.

"Siyalindi. Nitayauza mabichi sokoni Mwaloni, asubuhi ile ile nikiyapata. Atakayeyakausha ndiye atakayekosa usingizi."

"Utapata kidogo, dada."

"Nitalala sana, mdogo wangu. Na wewe kaiogeshe hiyo bastola."

Jumatatu nilimsindikiza polisi. Alivaa gauni lake la kanisani. Akakabidhi rivolva, akakabidhi risasi, akaulizwa kama ina tatizo. "Haina," alisema. "Ingepata vidole vipya, ingemzika hata huyu," akanionyesha mimi. Askari alipoomba na ule mfuko wa ngozi wa kuivalia rivolva kiunoni, shangazi aliurudisha kwenye pochi.

"Huu haupigi mtu, mwanangu," alimwambia.

Siku hizi anauvaa kiunoni pale Mwaloni, ndani ameweka simu. Anasema wanunuzi wageni hawabishani naye sana.