Doha hadi Jeda bila Kusinzia

Mama yangu husinzia popote penye kiti. Akipanda basi hapa mtaani kwetu Saint-Josse kwenda kwa kaka yangu mtaa wa Auderghem, tikiti haijaingia mkobani, yeye kashalala. Kwa hiyo viza yake ya Umra ilipochelewa na kundi la msikitini likatangulia bila yeye, sikuogopa kwamba atapotea njiani. Niliogopa usingizi wake.

Anayekwenda Makka kwa ndege hupita, angali angani, juu ya mpaka ambao lazima aufikie ameshatia nia ya ibada yake. Akiupita bila nia, atachinja mbuzi wa fidia. Mpaka huo ungemkuta Mama kati ya Doha, atakakobadili ndege, na Jeda, peke yake, bila mtu wa kumtikisa bega tangazo la mpaka likitolewa.

Kaka yangu, bingwa wa simu, akatafuta muda wa safari hiyo. Tovuti moja ikasema kilomita elfu moja na mia tatu na ushei, chini ya saa mbili. Tikiti ikasema saa mbili na nusu.

"Bon, hii ya kwanza inapima kama ndege ni risasi," akaeleza. "Ile ya tikiti inahesabu na kuzungukazunguka kiwanjani."

"Donc mupaka ni dakika ya ngapi?" Mama akauliza.

Hilo hakuna tovuti iliyolisema. Kaka akamshauri atie nia palepale Doha kisha alale zake. Sheikh wa msikitini mwenyewe alisema inafaa. Mama akakunja uso.

"Muntu anabisha hodi akiwa bado barabarani? Miye nitabisha mulangoni."

Hapo nikapandwa na hasira. Nikamwambia basi aanze kutafuta mbuzi. Tena nikamfanyisha mazoezi: nikamkalisha kwenye kochi, nikatangaza kwamba tumeruka Doha. Chai haijapoa, anakoroma.

"Mama, umeshapita!"

Akasonya. Mara ya pili ikawa vilevile. Nikatamani kucheka na kulia kwa pamoja, maana safari hiyo alikuwa akiiomba tangu marehemu baba yu hai, na magoti yake hayakuahidi nyingine.

Siku yenyewe nilitoka kazini kwenye nyumba ya wazee, nikashuka kituo cha Gare du Nord, simu mkononi. Ndege ilikuwa imetua Jeda. Nyumbani ni karibu, lakini sikutaka simu inikute njiani. Nikakaa kwenye benchi hadi simu ikalia.

"Mama, ulilala?"

"Kulala? Nilisimama! Taa ya mukanda ilipozimika tu, nikaenda nyuma kwa wale wasichana wa chai. Wakinirudisha kitini, ninangoja kidogo, ninarudi. Magoti yanawaka moto, lakini macho wazi!"

"Na tangazo ulilisikia?"

"Nililisikia, nikatia nia. Alafu nikaangalia ndani: wote wamelala, midomo wazi, wanaume na nguo zao nyeupe za ihramu. Nikavuta pumzi, nikamuita Mungu, Labbaika, kwa sauti yangu yote."

"Wakaamka?"

"Ndege nzima, mwanangu! Ninaita, wanaitikia."

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilipiga vigelegele katikati ya kituo, mtu mzima na sare ya kazi, wenye mikoba ya ofisini wakageuka. Mzee mmoja akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia kwa Kifaransa, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye treni, kwamba mama yangu ameamsha ndege nzima.