Sarafu ya Upendeleo

Muuguzi tunayemwita Bi Hakika hana jina hilo kwenye cheti chochote. Alilipata kwa kuuliza "una hakika?" kila akikabidhiwa bomba la sindano, na katika miaka ishirini na miwili ya chumba cha upasuaji hajawahi kumpa mgonjwa dawa isiyo yake. Wapo wanaosema anachosha. Mimi, muuguzi mwenzake, swali lake liliwahi kuniepusha na balaa, kwa hiyo sisemi kitu.

Daktari wa usingizi alipoanzisha utafiti wake, alimchagua yeye. Alitaka kujua dozi ndogo kabisa ya ganzi ya mgongoni inayowatosha akina mama wanaojifungua kwa upasuaji. Ikipungua mno, mama anahisi kisu, na inabidi aongezewe dawa upesi. Ikizidi, presha inashuka, anatapika na kutetemeka. Utaratibu ulikuwa hivi: mama akihisi maumivu, anayemfuata anapandishwa dozi ngazi moja. Asipohisi, Bi Hakika anachota kifungo cha shati ndani ya kopo bila kuangalia. Vifungo ni tisa, vinane vyeupe na kimoja chekundu. Kikitoka cheupe, anayefuata anapewa dozi ileile. Chekundu, anashushwa ngazi moja. Kisha kifungo kinarudi koponi. Yeye ndiye anayeandika daftarini na kujaza bomba, na daktari anachoma bila kujua ni dozi gani.

Bi Hakika alielewa kila neno, na hakuelewa kitu. Kama dozi imefanya kazi, aliuliza, ya nini kuishusha? Daktari akasema hawajui kama iliyo ndogo zaidi nayo ingetosha. Na kwa nini kiamue kifungo, asiamue msomi? Kwa sababu msomi ana huruma, akajibiwa, na huruma huvuta upande. Akaitikia kwa kichwa, akaja kuniuliza mimi. Nikamwambia sijui, nikaenda zangu kunywa chai.

Kilichoharibu mambo ni neno moja. Aliyetafsiri karatasi ya idhini aliandika kwamba dozi huamuliwa kwa "sarafu yenye upendeleo". Alimaanisha tu sarafu inayoangukia upande mmoja mara nyingi kuliko wa pili, na hata sarafu yenyewe haikuwepo. Lakini lipeleke neno upendeleo hospitalini uone. Wiki haikuisha, wodi nzima ya wazazi ikajua kuna sarafu inayopendelea watu, na anayeishika ni Bi Hakika. Mume mmoja asiyemjua hata kwa sura akaanza kumwita shemeji.

Jumapili mdogo wake wa kiume akamfuata nyumbani. Mkewe alikuwa apasuliwe Jumanne, naye tayari ameshatia saini ile karatasi. Uzazi wa kwanza, hospitali nyingine, ganzi haikumshika. Alipiga kelele kwamba anahisi kisu, wakamwambia ni woga. Tangu hapo akisikia vyuma vinagongana jikoni hutoka nje. Bi Hakika alijaribu kumweleza mdogo wake habari za vifungo, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyosikika kama anakataa. Damu nzito kuliko maji, na kijana alikuwa analengwalengwa na machozi.

"Dada, hiyo sarafu itampendelea nani kama si wifi yako?" akasema. "Niambie tu hataumia."

"Hataumia," akajibu. Hakuwa na hakika yoyote.

Jumanne alipaswa kumwambia daktari kwamba mgonjwa anayekuja ni wifi yake, ili aondolewe kwenye zamu. Asubuhi alisema atamwambia baada ya chai. Baada ya chai alisema baadaye kidogo. Mama aliyetangulia hakuhisi maumivu, kwa hiyo lilibaki kopo. Akaingiza mkono, akatoa kifungo, akakitazama. Chekundu.

Akakirudisha, akachota tena. Cheupe. Akaandika cheupe, akajaza bomba dozi ileile.

Wifi hakukisikia kisu. Lakini kufumba na kufumbua presha ikaporomoka, akatapika akiwa amelala chali, akatetemeka mpaka meno yakagongana. Daktari alihangaika naye dakika ishirini. Mtoto alitoka salama na mama akatengemaa, ila alimwona mwanawe jioni. Muda wote huo Bi Hakika alishika beseni, hajui atazame wapi.

Mchana hakula. Alinikalisha kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo akaniuliza: chekundu kingemwepusha na yale, au kingemrudisha kwenye kisu? Nikasema huenda. Akauliza huenda kipi. Nilikasirika, kwa sababu na mimi nilikuwa sijui. Akainuka, akaenda kwa daktari, akamwambia yote.

Daktari hakufoka. Alipiga mstari juu ya jina la mgonjwa yule na kumwambia aache kopo, kazi hiyo atapewa mwingine. Bi Hakika akamuuliza lile swali aliloniuliza mimi.

"Sijui," daktari akasema. "Ndicho tulichokuwa tunakitafuta."

Jioni alikwenda wodini kuomba radhi. Wifi alikuwa amempakata mtoto, midomo imepauka, na alimshika mkono kabla hajatamka neno.

"Wifi, ahsante. Nimetapika, nimetetemeka, lakini kisu sikukisikia. Mara hii hakuna aliyeniambia ni woga."

Bi Hakika alimrekebishia shuka. Kama ni kosa, mbona anashukuriwa? Kama si kosa, mbona midomo ile imepauka? Machozi yakamtoka, na wifi akadhani ni ya furaha.

"Nimemwambia na mwenzangu hapa," wifi akasema. "Nimemwambia akutegemee wewe."

Kwenye kitanda cha pili mama mwenye mimba kubwa alijiinua kwa kiwiko, akatabasamu kwa heshima.

"Shikamoo dada," akasema. "Mimi ni kesho."