Matembele Katikati ya Maua

Donatien ana miaka hamsini na minane, na kazi yake ni kumwagilia maua ya barabara inayotoka stesheni ya treni kwenda ofisi ya meya. Maua yamo katika vitalu kumi na tisa katikati ya barabara, kila kitalu kimezungushiwa matofali yaliyopakwa chokaa. Wakati wa kiangazi mji humpa mapipa mawili ya maji kwa siku, yaliyotekwa mto Lualaba na kusukumwa kwa mkokoteni. Hayatoshi. Kwa hiyo Donatien hutoboa chupa za plastiki, huzifukia shingo chini karibu na mizizi, na kuzijaza moja moja, maji yadondoke polepole.

"Papa Donatien, unanyonyesha maua?" waendesha pikipiki humtania.

"Nifanye nini? Mama yao alikufa."

Kazi hii aliianza kabla ya vita. Mwaka 2002 mji ulipozingirwa, treni haikuja, na aliyethubutu kwenda shambani hakuwa na uhakika wa kurudi. Watu waling'oa maua, wakapanda mihogo mlemle kwenye vitalu. Odile, dada yake mkubwa, alishika kitalu kimoja. Mihogo ilipompita kimo, kamanda aliyeshika mji akaamuru kila mmea unaoweza kumficha mtu ufyekwe siku hiyohiyo. Bustani ilikuwa kazi ya Donatien, basi akaitwa yeye na panga lake.

Alianza na kitalu cha Odile. Hakutaka watu waseme kwamba amependelea damu yake. Askari waliomfuata nyuma walikuwa na njaa yao wenyewe. Walichuma sombe yote, majani ya ile mihogo, wakachimba mizizi iliyokuwa bado minene kama vidole tu, wakajaza magunia yao. Walipofika vitalu vya mwisho walikuwa wameshiba mzigo, na wenye vitalu hivyo wakaachiwa vyao.

"Mudogo wangu," Odile alimwambia, mikono kiunoni, "ungeniweka mwisho."

Alikufa miezi miwili baadaye. Jirani walisema homa. Donatien hakubisha, lakini ndiye aliyembeba hadi kaburini, na alijua jinsi alivyokuwa mwepesi.

Amani iliporudi, mji ulipanda maua tena. Mwaka huu Rachida, mjane anayeuza makaa kando ya barabara na kulea wajukuu wanne, alipenyeza matembele katikati ya maua ya kitalu cha kumi na moja. Donatien aliyaona tangu yakiwa na majani matatu. Alifukia chupa mbili zaidi upande ule.

Mwezi wa saba, siku ya Jumanne, Didier, msimamizi wa bustani, akaja.

"Papa, Ijumaa iko wageni. Barabara si soko. Ng'oa ile majani."

"Matembele inamuzuia nani? Inalala chini."

"Hata miye niko na mukubwa wangu. Kesho usipong'oa, naleta vijana watupe yote mtoni, na weye utapumuzika nyumbani."

Donatien alifikiri usiku kucha. Jumatano asubuhi aliyanywesha matembele, akayachimbua pamoja na udongo wake, akayafunga kwa majani ya migomba, akayapakia kwenye baiskeli. Safari nne alipanda nayo kilima hadi kwa Rachida, akayapanda nyuma ya nyumba, mstari kwa mstari. Rachida alitazama mpaka akamaliza.

"Aksanti, Baba Donatien. Udongo umeleta. Maji nitatoa wapi?"

Hapo ndipo alipoona kosa lake. Yeye alikuwa amefikiria mizizi tu. Huku juu maji yalitoka kwenye chemchemi ya mbali, na yaliyofika yalikuwa ya kupikia.

"Nitaleta miye," alisema.

Jioni ile alipandisha bidoni moja ya maji, na Alhamisi nyingine. Ijumaa Didier alimshikilia kutwa, afute vumbi la maua, jani kwa jani. Wageni walipita mchana, vioo vya magari vimefungwa. Wakakaa mjini hadi Jumatatu, na muda wote huo Donatien hakuruhusiwa kuacha vitalu hata kidogo. Jioni magoti yalimkatalia kilima.

Jumanne alipanda. Matembele yalikuwa yameshikamana na ardhi kama vitambaa vilivyoungua. Rachida alikuwa akikusanya mashina makavu ya kuwashia moto. Alimsogezea kiti.

"Karibu, Baba."

Hakuketi. "Watoto wako wapi?"

"Wameenda kuomba sombe kwa jirani."

Donatien alibaki amesimama, bidoni imejaa mkononi. Rachida akainuka, akampokea ule mzigo kwa mikono miwili.

"Usisimame nayo, ni nzito," alisema, akamimina maji kwenye sufuria.