Vigingi Vinne

Mwaka wa kwanza baada ya kuachishwa lori, Gia alihamisha kabati la sebuleni mara nne. Jina hilo la Gia walimpa madereva wenzake, kwa sababu hata akiwa mezani mkono wake wa kushoto ulikuwa ukichezacheza pembeni mwa goti kama unatafuta gia ya kubadilisha. Alikuwa ameendesha malori ya masafa marefu miaka thelathini na moja. Kisha mgongo ukamgomea, daktari akamtazama, akasema basi, usukani umetosha.

Mkewe alivumilia. Alivumilia kabati, akavumilia kuamshwa alfajiri na mtu anayekaza bomba ambalo halivuji. Siku aliyokuta sufuria zake zimepangwa upya kwa ukubwa, uvumilivu ulimwisha.

"Baba watoto," alisema, "nyumba hii nimeishi nayo mwenyewe wewe ukiwa barabarani, na haikunishinda. Tafuta kazi ya kufanya kabla sijakutafutia."

Aliyeipata kazi hiyo ni binti yao, fundi wa kushona maturubai ya magari. Wateja wake walikuwa wakimuuliza mara kwa mara kama kuna mahali salama pa kulala njiani, penye maji safi na mtu wa kufungua geti. Naye mama yake alikuwa na shamba alilorithi kwa baba yake, eneo la mteremko karibu na barabara kuu, lenye miti mirefu na chemchemi isiyokauka. Binti akasema: tujenge kambi. Majukwaa sita ya mbao, juu yake mahema nitakayoshona mimi, jiko la pamoja, bafu na choo. Gia hakulala siku hiyo.

Wakamwita Pimamaji. Ndiye fundi aliyejenga nyumba yao, na jina lilimganda kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila pimamaji lake la mbao mfukoni, hata msibani. Mke wa Gia alimwamini kama ndugu. Nyumba ilikuwa imesimama miaka ishirini bila ufa, na yote ilijengwa mwenye nyumba akiwa safarini. Kwa hiyo Pimamaji alizoea kupokea maagizo kwa mama. Hakuwahi kufanya kazi na Gia amesimama nyuma ya kisogo chake.

Sasa alikuwa amesimama. Alikuja asubuhi, akaja saa tano, akaja baada ya chakula. Aliuliza kwa nini nguzo hii fupi, kwa nini kokoto ile kubwa. Alibeba mbao kutoka huku kwenda kule, na vibarua wakasubiri aondoke wazirudishe. "Mzee," Pimamaji alimwambia kwa upole, "kaa kidogo upumzike." Gia aliketi juu ya mfuko wa saruji, akahesabu pumzi tatu, akasimama.

Lililomkera ni choo. Pimamaji alikuwa amepigilia vigingi vinne upande wa chini, mbali kabisa na chemchemi. Lakini ukisimama kwenye jukwaa la kwanza, choo hicho kingeziba sehemu ndogo ya barabara iliyoonekana katikati ya miti, pale kwenye kona ambapo malori hupunguza mwendo. Gia alikuwa amesimama kuitazama sehemu ile siku nyingi bila kumwambia mtu. Alijua lori lenye mzigo na lililo tupu kwa mlio tu.

Jumatatu Pimamaji alisafiri kwenda kuchagua mbao. Gia alichukua nyundo ya binti yake, ile ya kupigia pete za maturubai, akang'oa vigingi vinne na kuvisogeza juu, hatua kama arobaini. Haikumchukua hata robo saa. Alipomaliza alisimama kwenye jukwaa, akaiona kona yake yote, akashusha pumzi.

Mchimbaji wa shimo la choo alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana, wakimwita Sululu. Alikuta vigingi, akafunga kamba, akachimba. Siku ya pili, shimo lilipomfika kifuani, maji yakaanza kuchuruzika ukutani.

Pimamaji aliporudi alisimama ukingoni muda mrefu.

"Sululu, umechimba wapi?"

"Palipokuwa na vigingi, fundi."

"Vigingi nilivipiga kule chini. Vina miguu?"

"Mimi nimevikuta hapa."

"Miaka kumi na miwili nakuachia kazi, leo ndiyo unanidanganya? Haya si maji ya mvua. Huu ni mshipa wa chemchemi. Ungemaliza shimo hili, wageni wangekunywa nini?"

Sululu alipanda kutoka shimoni, akajifuta matope, akaweka sululu begani. "Sijakudanganya hata siku moja," alisema. "Tafuta mchimbaji mwingine." Akaondoka bila kugeuka.

Gia alikuwa hatua sita kutoka hapo, na chupa ya chai mkononi. Alifungua mdomo. Akaufunga.

Siku mbili zilizofuata hakukaa wala kusimama. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa. Alianza kunyoa ndevu, akaacha upande mmoja, akaenda kuangalia geti. Mezani mkewe alisema, "Sululu kukosea shimo? Hainiingii akilini." Gia alisogeza sahani, akasema tumbo limejaa.

Siku ya tatu aliingia kwenye chumba cha cherehani. Binti yake alikuwa amezungukwa na turubai la kijani hadi kiunoni. Hakuinua kichwa.

"Baba, nyundo yangu Jumatatu ilikwenda wapi? Imerudi na udongo mwekundu."

"Niliichukua."

"Kwa kazi gani?"

Gia aliinama, akaanza kuokota vipande vya uzi sakafuni. Cherehani ikanyamaza. Binti alimtazama baba yake, kisha akatazama upande wa shavu lake ambao haukunyolewa.

"Mama anajua?"

"Bado."

"Basi nenda, baba. Nenda sasa hivi, kabla hujapata kitu cha kufagia."

Alimkuta Pimamaji akipiga randa ubao. Alisema yote kwa pumzi moja, akiwa amesimama, kama mtu anayejieleza kwa askari wa barabarani. Pimamaji hakuacha randa hadi ubao ulipoisha.

"Kwa nini?"

"Choo kilikuwa kinaniziba barabara."

"Barabara?" Pimamaji aliguna. "Mzee, nikuulize. Ningepanda lori lako, uko kwenye mteremko, nikanyoosha mkono nikageuza usukani, ungenifanya nini?"

"Ningekushusha."

"Basi shuka. Siku ukija na Sululu, utapanda."

Sululu alikuwa amepata kazi ya mtaro nyuma ya soko. Gia alisimama ukingoni na viatu vyake vizuri, akaomba radhi. Chini, koleo liliendelea kurusha udongo.

"Mzee, unanizibia mwanga."

Gia alisogea. Hakujua mikono aiweke wapi. Mwishowe aliingia mtaroni na viatu vyake, akashika koleo la akiba, akaanza kuchota. Mgongo ulimkata kwenye koleo la tano. Kwenye la kumi na mbili alilazimika kuegemea ukuta, jasho likimtiririka machoni.

"Acha, utakufa hapa halafu waseme ni mimi," Sululu alisema. Alimpa maji. "Kuchimba pabaya si kitu. Ninafukia, ninachimba tena. Lakini fundi aliniita mwongo mbele ya wenzangu, na wewe ulikuwa pale na chai yako."

"Nilikuwa pale."

"Kesho nakuja. Na utasema mbele yao wote. Mama naye awepo."

Gia alisema. Vibarua walitazama chini. Pimamaji alimwendea Sululu, akamshika mkono kwa mikono miwili, akaomba radhi naye. Mke wa Gia hakupaza sauti. Alisema tu, "Baba yangu alituachia maji, ukataka kuyachimbia choo ili uone malori," akaenda zake. Wiki nzima chakula cha Gia kilikuwepo mezani kimefunikwa, lakini maneno hayakuwepo.

Shimo lilifukiwa kwa udongo wa mfinyanzi, tabaka kwa tabaka, likishindiliwa. Kushindilia ndiyo kazi aliyopewa Gia, na Pimamaji alipima kila tabaka bila huruma. "Rudia, mzee." Alirudia. Jioni ya siku ya saba mkewe alikuja na maji, akamtazama akipiga chini, akasema, "Upande ule bado laini." Gia alikaribia kulia kwa furaha.

Kambi ilifunguliwa kiangazi kilipoanza. Choo kiko chini, palepale pa mwanzo, na kona ya barabara haionekani. Wageni wa kwanza walikuwa mwalimu wa kike na mama yake mzee, wakisafiri polepole na gari dogo. Walimkaribisha Gia chai. Alikunywa nusu kikombe, akainuka kukagua upepo wa matairi yao, akarudi, akauliza daraja la mbele limetengenezwa au bado, akainuka tena. Yule mama mzee alicheka: "Mwanangu, hema ni langu lakini anayesafiri ni wewe."

Asubuhi walipoondoka, Pimamaji alikuja kuchukua mbao zake zilizobaki. Gia alimsindikiza hadi getini akitembea upande wake wa kulia, kisha wa kushoto.

"Fundi, nimewaza. Jiko la pili tuanze lini?"

"Hakuna jiko la pili!" mkewe aliita kutoka bafuni, alikokuwa akimwaga maji.

Pimamaji alicheka hadi mbao zikamtikisika begani. Gia naye alikuwa amekwisha kugeuka, anapanda mteremko, kwa sababu zipu ya hema la sita ilikuwa imemtia wasiwasi tangu alfajiri.