Maharagwe ya Beni

Miaka ile ya vita mume wangu alikuwa mwandishi wa habari katika redio moja ya Butembo. Mapigano yakizuka upande wa Eringeti, alitumwa yeye, na kila alipotumwa aliandamana na mwanamke mmoja, mwandishi mwenzake, mzaliwa wa Beni. Wakati wa kurudi gari lilimshusha yule mwanamke kwa mama yake, mtaa wa Ruwenzori, palepale Beni. Mume wangu naye alishuka. Nyumbani hakufika mpaka kesho yake.

"Ni namna yetu ya kazi," aliniambia. "Ile tuliona mu njia, hapana kuingiza mu nyumba."

Basi mimi nilimpokea mtu aliyekwisha kuoga, kula na kucheka. Nikimwuliza ya Eringeti, alijibu kwamba barabara ina matope. Nimefunga naye ndoa kanisani, nimemzalia watoto, na bado napewa habari za matope! Yule mwanamke nilimchukia hadi sauti yake. Akisoma habari redioni nilizima, halafu nikawasha tena nisikie kama ana furaha.

Siku moja nilipakia vitenge vyangu kwenye lori la Beni, nikajifanya ninakwenda kuuza. Mtu wa redio alikuwa ameniambia kwamba wamefika huko asubuhi ile. Nilibisha hodi kwa huyo mama huku nimeshaingia.

Niliwakuta uani, mkekani, mama wa yule mwanamke yuko katikati yao, wanamenya maharagwe. Mmoja alisema kidogo, akamenya, mwingine akaendeleza. Mume wangu alikuwa analia. Tangu anioe sikuwahi kuona chozi lake, hata tulipomzika baba yake. Ningewakuta kitandani ningejua la kufanya: ningepiga kelele mpaka mtaa ujae. Sasa nilisimama tu na furushi langu. Waliponiona, mume wangu akajifuta macho.

"Karibu, madame, ikala," yule mwanamke akasema, akanisogezea nafasi. Sikukaa.

Mume wangu alipotumwa tena, nilikwenda soko la Musienene, nikanunua gunia la maharagwe yenye maganda, nikaliweka mlangoni.

"Safari hii hapana kushuka Beni," nilimwambia. "Kama ni maharagi, hata mimi niko nayo."

Akapitiliza Beni kweli. Alifika na vumbi lake, akakaa, akamenya, akasema. Alinisimulia kijiji walichokikuta kimeungua, na askari aliyemwekea bunduki kifuani huku akimwomba sigara. Nilisikiliza hadi mwisho, na moyoni niliringa: sasa ni wangu.

Lakini tangu siku ile sikuwa na raha. Hata sokoni, nikimpimia mteja kitenge, niliiona ile bunduki. Ningemwambia nani? Mama yangu angeugua kwa hofu, na wauza vitenge wenzangu wangeyatangaza. Nikapanda lori la Beni, shingo upande.

Mara hii nilikaa mkekani. Nikawa namenya na kumsimulia yule mwanamke yote niliyoambiwa na mume wangu, tena kwa majivuno kidogo. Alisikiliza kwa upole, akiitikia. Kisha akauliza:

"Donc, alikuambia hata maneno ya ule mutoto?"

Vidole vyangu vikasimama. Mtoto gani?

"Ndiyo," nikasema. "Aliniambia yote."